Mbona tumekuwa wepesi wa hasira? Tuanzie kwenye deni na kungoja

 

Ndugu Waislamu, ipo lawama moja inayosikika sana siku hizi hapa Bariadi, sokoni, stendi na hata katika vikao vya kusuluhisha wanandoa: kwamba watu wamekuwa wakali. Abiria na mwenye bodaboda wanatupiana maneno mazito kwa ajili ya shilingi mia tano. Mama anamchapa mtoto kwa kumwaga ndoo moja ya maji. Baba anarejea nyumbani jioni, na watoto wananyamaza kabla hajavuka kizingiti. Katika nchi hii ya Wasukuma, ambako salamu ilikuwa na ngazi zake, mtu akaulizwa habari zake, za watoto, za mifugo na za mvua kabla shida haijatajwa, sasa "mwangaluka" inarushwa huku mtu amekwisha geuza mgongo. Nasi Waislamu, ambao Qur'an katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, imetuamuru tunaposalimiwa tujibu kwa maamkizi yaliyo bora zaidi au angalau yaliyo sawa na hayo, wengine tunaitikia kwa kutikisa kichwa tu.

Jawabu la haraka linalotolewa ni kwamba imani imepungua. Halikosi ukweli. Lakini jawabu hilo likisimama peke yake huwa ni mzigo mwingine juu ya mtu aliyekwisha elemewa. Na zaidi ya hapo, siyo namna wanazuoni wetu wa kale walivyoitazama hasira.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Bakra (R.A.), nayo imo katika Sahihi mbili, Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana hasira. Mafaqihi walipoitafakari hadithi hii hawakuishia kwenye neno hasira. Waliuliza: ni kitu gani kilichomo ndani ya hasira hata ikaharibu hukumu? Wakaona ni kule moyo kushughulishwa na akili kuondolewa utulivu wake. Basi kwa njia ya qiyas wakaingiza njaa kali, kiu kali, usingizi uliozidi, huzuni nzito, na hata mtu aliyebanwa na haja. Kadhi mwenye njaa asihukumu, ale kwanza. Mwenye kusinzia alale kwanza.

Tazama, ndugu msomaji, undani wa fikra hii. Zama nyingi kabla madaktari hawajaeleza habari za homoni za adrenalini na kotisoli, ambazo mwili huzimwaga kwenye damu mtu anapokuwa katika hofu au dhiki, moyo ukaenda mbio na misuli ikakaza tayari kwa mapambano, mafaqihi walikwisha tambua kwamba hukumu ya mtu hukaa katika mwili wake, na mwili una haki zake. Mtu aliyelala saa nne kwa usiku kadhaa mfululizo hukasirishwa na jambo ambalo angelicheka kama angelikuwa amelala vyema. Na kila baba na kila mama ni kadhi katika nyumba yake. Kila jioni huletewa kesi: nani kavunja sahani, nani hakwenda shule, nani kamtukana nani. Swali ni hili: kesi hizo tunazihukumu tukiwa katika hali gani?

Kalenda ya pamba

Mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kote huko pamba ndiyo inayoezeka nyumba, ndiyo inayooza mabinti na ndiyo inayonunua sare za shule. Kwa hiyo anayetaka kuijua hali ya mioyo ya watu hapa na aitazame kalenda ya zao hilo.

Mbegu huingia ardhini kuanzia Novemba. Mbegu na viuatilifu mara nyingi hutolewa kwa mkopo, ukakatwa baadaye katika malipo ya pamba. Januari watoto wanarudi shule, na ingawa ada ya shule za serikali imefutwa tangu mwaka 2016, daftari, viatu na sare havikufutwa. Kati ya Januari na Februari mvua hupenda kukatika, mkulima akakaa akitazama juu huku mahindi yakijikunja. Ghala la nafaka linashuka. Michembe na matobolwa yaliyoanikwa tangu msimu uliopita yanakaribia kwisha. Funza wa vitumba naye hangoji mtu apate fedha ya dawa. Kisha palizi, kisha kuchuma, na hapo ndipo mwezi wa Mei au Juni pamba inapofika kwenye mizani ya AMCOS. Mtu ameweka jasho lake kwa zaidi ya nusu mwaka kabla hajaishika noti ya kwanza, na katika muda huo wote hajui kwa yakini atalipwa kiasi gani.

Wakati mwingine hajui pia atalipwa lini. Msimu wa 2019 ulifunguliwa kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikaporomoka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi waliopeleka pamba yao kwenye vyama vya ushirika wakarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha. Wapo waliongoja kwa miezi. Mwaka uliofuata bei ilianzia shilingi 810. Mtu aliyepanga maisha yake kwa 1,200, akakopa kwa 1,200, akaahidi mahari ya mwanawe kwa 1,200, akaamka katika 810. Huyu akijibu salamu yako kwa ukali, je, ni imani tu iliyopungua?

Ongeza maji. Katika vijiji vyetu vingi, kiangazi kikiingia, wanawake na mabinti huchimba mchanga wa mito iliyokauka wakingoja maji yajikusanye, au hushinda foleni kwenye kisima tangu alfajiri. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha kuuchangia mwaka 2017, ulibuniwa kwa sababu ya dhiki hii hii. Mama yule aliyemchapa mtoto kwa ndoo moja tunamlaumu, na kipigo hakikuwa haki. Lakini ndoo ile haikuwa ndoo moja. Ilikuwa ni saa tatu za maisha yake.

Watu nao wameongezeka: sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huu ukiwa na watu wasiofika milioni 1.6, na ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2.1, wakigawana malisho yale yale na visima vile vile. Upande wa Meatu na Itilima, kuna na tembo watokao hifadhini usiku, na mkulima anayelala shambani kulinda mtama hapati usingizi wa kumpa subira ya mchana.

Kukopa kwa kausha damu

Pengo hili baina ya jasho na malipo ndilo linalofukiwa kwa mikopo. Wananchi wenyewe wameibatiza baadhi ya mikopo hiyo jina la "kausha damu", na hatudhani kuna mwanazuoni angeweza kuieleza riba kwa maneno mafupi kuliko hayo. Hurejeshwa kila wiki, mingine kila siku. Asiyelipa huchukuliwa kitanda, sufuria, televisheni, mbele ya majirani. Siku hizi imeingia pia ndani ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijiti bila leseni. Ubaya wa nyingi kati ya programu za namna hii haukuwa katika riba peke yake: zilikuwa zikichota namba zilizomo katika simu ya mkopaji, na akichelewa, ujumbe wa kumfedhehesha unakwenda kwa mkwewe, kwa mwajiri wake, kwa imamu wake.

Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah ndani ya swala yake kutokana na dhambi na deni. Akaulizwa mbona anajikinga mno na deni, akaeleza kwamba mtu akielemewa na deni husema akadanganya, na huahidi akavunja ahadi. Na katika dua nyingine mashuhuri aliyoipokea Anas (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameziweka katika msafara mmoja wasiwasi, huzuni, kushindwa, uvivu, woga, ubakhili, uzito wa deni na kuonewa na watu. Wengi wetu tumeihifadhi dua hii tangu madrasa na tunaisoma asubuhi na jioni pasina kuona jinsi ilivyopangwa: inaanza na wasiwasi wa moyoni na inaishia kwenye deni na kuonewa na watu. Kana kwamba inatuonesha mlango ambao wasiwasi umeingilia.

Mtu aliyekuja na maneno makali

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kwa maoni yetu hakisomwi vya kutosha juu ya mimbari. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) habari ya mtu aliyekuwa akimdai Mtume (S.A.W.) ngamia. Mtu yule akaja kudai, akasema kwa ukali na utovu wa adabu. Maswahaba wakataka kumshika wamtie adabu. Mtume (S.A.W.) akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Akaamuru anunuliwe ngamia wa umri kama wa ngamia wake. Wakamtafuta wasimpate ila aliye bora kuliko wake. Akasema apewe huyo huyo.

Hapa kuna mtu mwenye hasira, na amekosa adabu mbele ya mbora wa viumbe. Angeliweza kuambiwa asubiri. Angeliweza kusomewa fadhila za kuzuia ghadhabu, na fadhila hizo ni za kweli: Aali Imran, aya ya 134, imewahesabu wanaozuia hasira na kusamehe watu miongoni mwa wachamungu walioandaliwa Pepo. Lakini Mtume (S.A.W.) aliianza dawa kwa kulipa.

Mafundisho yetu ya Ijumaa kuhusu hasira humwendea daima yule anayefoka. Mara chache humwendea yule anayemfokesha. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa tajiri kuchelewesha deni alilo na uwezo wa kulilipa ni dhulma. Ameagiza kibarua apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama ilivyo katika Ibn Majah. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watatu ambao Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akamtumikisha kazi yote, kisha asimpe ujira wake. Hizi nazo ni hadithi za hasira, ijapokuwa neno hasira halimo ndani yake.

Nasi Waislamu wa Bariadi mjini, tulio wachache katika mkoa huu, wengi wetu tunaishi kwa duka, kwa gari, kwa mashine ya kusaga au kwa mizani ya nafaka. Wapo miongoni mwetu wanaowadai wakulima, na wapo wanaodaiwa na vibarua na wapakizi wa magunia. Kumwambia mpakizi "njoo kesho" mara nne kwa ujira wa siku moja ni jambo dogo kwa mwenye duka. Kwa mpakizi ni siku nne za kurudi nyumbani mikono mitupu, na siku ya nne ndiyo siku ambayo mkewe anauliza, naye anajibu kwa kofi. Mwenye duka hakuliona kofi lile, lakini analo fungu lake ndani yake.

Hivi ndivyo hasira inavyosafiri: hushuka. Haimwendei mwenye nguvu aliyeisababisha. Inamtafuta aliye chini. Mnunuzi anamchelewesha mkulima, mkulima anamfokea mke, mke anampiga mtoto, mtoto anamtupia mawe mbuzi. Na katika Usukuma tunaijua sura yake mbaya kupita zote. Misimu mibaya ilipofuatana na misiba ikaongezeka, wapo walioitafuta sababu katika macho mekundu ya bibi kizee, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kuni na samadi alizopikia wajukuu maisha yake yote. Vikongwe wameuawa katika kanda hii kwa tuhuma za uchawi, na damu yao ni deni juu ya jamii nzima.

Kuhusu mwenye kudai, Suratul-Baqara, aya ya 280, imeagiza kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Aya hii imekuja mara tu baada ya zile zinazotangaza vita dhidi ya wala riba. Mpangilio huu ungelikuwa mwongozo mzuri kwa kamati za misikiti yetu. Suratut-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki Zaka, na bado katika misikiti mingi fungu hilo halijulikani hata lipo. Mfuko mdogo wa mkopo usio na riba, unaoendeshwa kwa daftari na mashahidi wawili, ungeliweza kuzivusha familia kumi au ishirini kutoka Januari hadi Juni bila kausha damu.

Ndani ya nyumba

Haya yote hayamwondolei mwenye hasira wajibu wake. Mtu aliyemwomba Mtume (S.A.W.) wasia alijibiwa asikasirike, akarudia ombi lake mara kadhaa na jawabu likawa lile lile. Dawa tulizofundishwa ni za vitendo: kujikinga kwa Allah na shetani, kunyamaza, aliyesimama akae na aliyekaa alale. Kuhusu kutawadha kwa ajili ya kuizima hasira, wapo wanazuoni waliotia neno katika isnadi yake, lakini hatujapata kusikia mtu aliyedhuriwa na udhu. Tuongeze la kadhi: baba asisikilize kesi ya sahani kabla hajala. Na mama naye, akirudi kisimani, aachwe avute pumzi kabla ya kuulizwa chakula ki wapi. Huyo ametoka kazini kama yeyote.

Anas (R.A.) amesimulia, na Bukhari akaipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa kwa mmoja wa wakeze, mwingine akaletesha chakula katika chombo. Mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi, chombo kikaanguka kikavunjika mbele ya wageni. Mtume (S.A.W.) akakusanya vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameingiwa na wivu. Kisha akachukua chombo kizima cha nyumba ile akakipeleka kwa aliyevunjiwa, na kilichovunjika kikabaki hapo. Aliitaja sababu, na hasara ikalipwa na iliyestahili kuilipa. Hapakuwa na ukelele.

Tumalizie na swali ambalo waume huliuliza wakati wameshachelewa: je, talaka iliyotamkwa katika hasira inapita? Wengi hudhani hasira ni udhuru kamili, maana hakuna mtu anayetoa talaka huku anacheka. Ibn al-Qayyim, aliyeandika kitabu maalumu juu ya suala hili, ameigawa hasira mafungu matatu. La kwanza ni hasira ya mwanzo, ambayo mtu anajua anachokisema na anakikusudia; talaka yake inapita bila ya mjadala. La pili ni hasira iliyofunika akili kabisa, mtu hajui alichosema. Hiyo haipiti, pia bila ya mjadala. La katikati, mtu hakupoteza akili lakini hasira imemsukuma kutamka asichokikusudia, ndipo walipohitilafiana. Wengi wa mafaqihi, na miongoni mwao wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, wanaona inapita. Ibn al-Qayyim aliona haipiti, akitegemea hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) iliyomo katika Abu Dawud na Ibn Majah, isemayo kwamba hakuna talaka katika hali ya kufungikiwa.

Kwa hiyo aliyetamka neno hilo usiku, Juni, baada ya kurudi AMCOS mikono mitupu, asijitolee fatwa mwenyewe wala asiombe ya rafiki yake wa kijiweni. Na aende yeye na mkewe kwa sheikh wa wilaya au kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la BAKWATA, ambalo pia linatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na kila mmoja aeleze maneno yalivyotamkwa, yalitamkwa mara ngapi, na hali aliyokuwa nayo msemaji. Mpaka jawabu lipatikane wajizuie wasikurubiane, na mke abaki katika nyumba yake.